Gesi na Uenyekiti: Tarehe ya Uongozi Songo Songo

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, na uenyekiti wa kijiji ni marika. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia ilichimba kisima kisiwani, ikakuta gesi, ikapiga hesabu, ikaona haitalipa, ikafunga mizigo. Wakati huohuo huko bara Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto, watu wanaondolewa mashambani mwao na kukusanywa kandokando ya barabara. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975, na kijiji kikawa chombo cha kisheria chenye halmashauri na mwenyekiti wake. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, halikukata tamaa na ile gesi. Liliendelea kuchimba kuanzia 1976, likathibitisha kwamba ipo ya kutosha.

Kabla ya hapo kisiwa kilitawaliwa kutoka ng'ambo. Enzi za Sultani wa Zanzibar palikuwa na liwali Kilwa Kivinje. Wajerumani walipoingia wakaweka maakida na majumbe, wengi wao watu wa kukusanya kodi na kupeleka watu kazini. Namna utawala ule ulivyopokewa, pwani hii inaikumbuka: Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na miaka kumi baadaye Vita vya Maji Maji vikaanzia Matumbi, jirani tu. Waingereza wakafuata na Mamlaka za Wenyeji za mwaka 1926. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyekuja kuwauliza wavuvi wamtaka nani. Uchifu ulifutwa 1963, zikaingia kamati za maendeleo za vijiji na mabalozi wa nyumba kumi.

Hata uenyekiti wa 1975 haukuwa kura huru kama tunavyoielewa leo. Mwenyekiti wa tawi la TANU ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, basi. Halmashauri za wilaya zenyewe zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972, zikarudi 1984 baada ya sheria za serikali za mitaa za 1982. Vyama vingi vikarejeshwa 1992. Hapo ndipo mtu wa Songo Songo alipoanza kuomba kura kwa jirani aliyeweza kumnyima.

Kwani mwenyekiti ni nani hasa? Kisheria ni mtu wa miaka 21 au zaidi, mkazi wa kijiji, anayejua kusoma na kuandika. Anachaguliwa kwa miaka mitano, anaongoza halmashauri ya watu 15 hadi 25, na angalau robo yao wawe wanawake. Mshahara hana. Mwenye mshahara ni mtendaji, ambaye ni mwajiriwa, na anaweza kuhamishiwa Nanjirinji kesho. Mwenyekiti hahamishwi. Akivurunda mapato na matumizi, atakutana na wenzake pwani alfajiri, msikitini adhuhuri, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa uitwe kila miezi mitatu. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu ya cheo hiki kuliko kifungu chochote cha sheria.

Kazi yake nyingi ni karatasi na muhuri. Kijana anataka kitambulisho cha taifa, aje na barua ya utambulisho. Mzazi anaomba mkopo, barua. Familia mbili zinagombea minazi, mwenyekiti aitwe. Halafu kuna wavuvi wa dago, wanaohama kwa msimu na kupiga kambi katika visiwa vya jirani kama Nyuni, Okuza na Fanjove, kule kwenye mnara wa taa wa Wajerumani. Mgeni wa dago anapaswa kujitambulisha: ametoka wapi, ana chombo gani, nyavu zake zina macho ya ukubwa gani, leseni iko wapi. Serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU, husimama pamoja hapo, maana baruti ikilipuliwa kwenye mwamba, anayeumia ni mama anayesubiri bamvua ashuke na mkuki wake kutafuta pweza. Mwamba ukifungwa ili pweza wakue, mwenyekiti ndiye wa kuwashawishi wapiga kura wake wakae na njaa ya leo. Ni uamuzi unaoweza kumgharimu kiti.

Juu yake yuko diwani, mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambaye vikao vyake vya baraza viko Kilwa Masoko. Madiwani wa bara hupanda pikipiki. Wa Songo Songo hupanda mashua, na kusi likikaza baina ya Juni na Agosti, safari huamuliwa na nahodha.

Na huko Masoko ndiko fedha zilipo. Mwaka 2004 gesi ilianza kwenda Dar es Salaam kwa bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu, ikawasha mitambo ya umeme ya Songas pale Ubungo na kuchoma saruji Wazo Hill. Kampuni za gesi zimesaidia kisiwani umeme, maji, zahanati na shule, na hilo si dogo. Lakini msaada ni hiari ya mtoaji. Haki iko kwenye ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, na sheria inataka ulipwe kwa halmashauri ya wilaya. Kijiji kilicho juu ya gesi hakimo katika mstari huo. Ndiyo maana diwani wa kata ndogo kama hii hahitaji sauti kubwa jukwaani. Anahitaji kukaa kwenye kikao cha bajeti mpaka mwisho, amesoma makabrasha, na kuuliza fungu la Songo Songo liko ukurasa gani. Mtwara walipofanya fujo mwaka 2013 kwa ajili ya bomba la gesi, nchi nzima ilisikia. Songo Songo walikuwa na bomba lao tayari kwa karibu miaka tisa.

Uchaguzi wenyewe wa vijiji nao umekuwa na mambo yake. Wa Desemba 14, 2014 ulikuwa na ushindani wa kweli katika ukanda huu, na mwaka uliofuata CUF ikashinda majimbo yote mawili ya Kilwa. Ule wa Novemba 24, 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa. Novemba 27, 2024 CCM ilitangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya vijiji vya nchi nzima. Kwa hesabu hiyo, mchujo ulio muhimu hufanyika ndani ya chama, na wanakijiji wasio na kadi huukuta umekwisha.

Waliochaguliwa 2024 wamerithi kipindi kigumu. Mkataba wa Songas wa kuiuzia TANESCO umeme uliisha Oktoba 31, 2024, chini ya mwezi mmoja kabla ya kura. Leseni ya kuendeleza kitalu cha Songo Songo, ambayo TPDC lilipewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, inafika mwisho Oktoba 2026. Mwenyekiti wa sasa atakuwa bado ofisini hadi 2029, na ombi la kijiji kutajwa katika masharti mapya ya leseni linatakiwa lipite kwanza mkutano mkuu, liandikwe muhtasari, lipigwe muhuri, livuke bahari.