Mwenye Macho

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniletea vipepeo wawili wadogo wa buluu, akidai ni wa aina mbili. Nikawatazama mabawa, nikaona yanafanana. Nikamnyima alama, tena nikamwambia mbele ya wenzake, "Mwenye macho haambiwi tazama."

Baada ya kustaafu nilisoma habari za Vladimir Nabokov, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Urusi. Katika miaka ya 1940, kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwapambanua vipepeo wa buluu kwa hadubini, akichunguza viungo vyao vya uzazi, kwani rangi ya mabawa hudanganya. Mwaka 1945 aliandika kwamba asili ya baadhi ya wale wa Amerika ni Asia, na kwamba waliingia kwa awamu tano. Ni wachache waliomjali. Alifariki mwaka 1977; mwaka 2011 uchunguzi wa chembe za urithi ukathibitisha kauli yake.

Huenda mwanachuo wangu alikosea. Lakini hadubini ilikuwamo kabatini, nami sikuitoa. Hilo ndilo ninalolijutia.