Uwiano wa Kijinsia katika Uandikishaji wa Shule za Msingi: Kibaha na Kisarawe, 1961–2021

Utangulizi

Katika mkutano wa Dakar wa mwaka 2000, mataifa yaliahidi kuondoa tofauti kati ya wasichana na wavulana katika shule za msingi na sekondari ifikapo mwaka 2005. Afrika Kusini mwa Sahara, ikitazamwa kwa ujumla, haikulifikia lengo hilo kwa wakati. Tanzania Bara, kwa upande wa uandikishaji wa shule za msingi, ilikuwa imelikaribia tangu katikati ya miaka ya 1980. Makala haya yanachunguza historia hiyo kwa kuzitazama Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizo jirani na Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba uwiano uliletwa na amri ya kuwaandikisha watoto wote, wala si sera iliyomlenga msichana. Kwa sababu hiyo, amri ilisawazisha mlango wa shule, ilhali pengo lenyewe lilihamia madarasa ya juu.

Shule za wavulana, nyumba ya mwali

Elimu ya kizungu iliingia Uzaramo kupitia misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliitilia shaka, kwa kuwa waliiona kuwa njia ya kubadili dini, na watoto wao wakaendelea kusoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Wilaya hizi, hata hivyo, hazikukosa shule zenye sifa. Mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki, Kisarawe. Baada ya uhuru, nchi za Nordiki zilishirikiana na Serikali kujenga kituo cha elimu Kibaha, ambacho kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Sekondari ya Minaki na ile ya Kibaha zilijipatia jina nchini kote, na zote mbili zilijengwa kwa ajili ya wavulana. Msichana wa kijiji cha jirani aliziona shule hizo kwa macho, lakini hakuwa na nafasi ndani yake.

Upande wa pili kulikuwa na unyago. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, alieleza kwa kina namna msichana aliyevunja ungo alivyowekwa ndani na kufundwa kabla ya kutolewa nje akiwa tayari kuolewa. Ni kosa kuuona unyago kuwa ujinga ulioshindana na elimu. Unyago wenyewe ulikuwa elimu, wenye walimu wake, mtaala wake na heshima yake mbele ya jamii. Mgongano ulitokana na umri. Mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka tisa au kumi alivunja ungo akiwa darasa la nne au la tano. Kuchelewa kuanza kulimgharimu mvulana miaka michache tu, lakini kulimgharimu msichana shule nzima. Katika miaka ya 1960, kati ya kila wanafunzi kumi wa shule za msingi nchini, takribani wanne tu walikuwa wasichana.

Azimio la Musoma na matokeo yake

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua mjini Musoma kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Operesheni Vijiji ilikuwa imewakusanya watu mahali ambapo shule ingeweza kujengwa karibu, na walimu wa UPE waliandaliwa kwa haraka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi awajibike kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Amri hizo hazikumtaja msichana kwa namna ya pekee, lakini yeye ndiye aliyefaidika zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiachwa mzazi alipopewa hiari ya kuchagua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, wasichana walikuwa karibu nusu ya wanafunzi wote wa shule za msingi nchini.

Miaka iliyofuata inafundisha jambo ambalo kigezo cha uwiano hukificha. Uchumi ulipodorora na wazazi wakarudishiwa mzigo wa michango na ada, uandikishaji ulishuka. Mwaka 2000, kiwango halisi cha uandikishaji nchini kilikuwa chini ya asilimia 60, ilhali uwiano wa kijinsia ulibaki karibu sawa. Wasichana na wavulana walikuwa sawa shuleni, na walikuwa sawa pia katika kuikosa shule. Kufutwa kwa ada mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002–2006 viliwarejesha watoto darasani kwa wingi.

Pengo lililohama

Muda wa kumweka mwali ndani ulifupishwa kadiri shule zilivyoenea, na ngoma nyingi zikasogezwa hadi wakati wa likizo. Hata hivyo, sheria za nchi zenyewe ziliendelea kumtoa msichana shuleni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe akiwa na miaka 15, na mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Ruhusa ya mama kijana kurudi katika shule ya Serikali ilitolewa Novemba 2021, miaka 47 baada ya Azimio la Musoma.

Hitimisho

Historia ya Kibaha na Kisarawe inaonyesha kwamba uwiano wa uandikishaji ni ushahidi wa nguvu ya dola kuliko ushahidi wa usawa. Daftari la darasa la kwanza hutaja aliyeingia, wala halisemi ni nani aliyetoka, lini na kwa sababu gani. Mtafiti anayetaka kupima usawa hana budi kulisoma daftari hilo sambamba na lile la darasa la saba, kisha aulize majina yaliyokosekana ni ya nani.