Gari la Dola Moja



Gari lililotumika miaka mingi aghalabu hushuka bei. Rangi hupauka, bati huliwa na kutu, na mwenye kuliuza hushukuru akipata nusu ya alichotoa. Lakini Marekani yako magari machache ambayo kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyogombewa kwa fedha nyingi. Sababu yake si injini wala viti, bali ni mtu aliyepata kuyaendesha. Hayo ni magari ya kasi aina ya Corvette, yaliyokuwa mikononi mwa wanaanga, yaani watu waliorushwa anga za juu, na baadhi yao wakafika mwezini. Historia yake si ndefu, lakini ndani yake mna jambo limhusulo kila mwenye jina jema, na kila mwenye kunyoshewa zawadi.

Mwezi wa Aprili 1959, idara ya safari za anga ya Marekani, NASA, iliwatangaza wanaanga wake saba wa kwanza. Wote walikuwa marubani wa jeshi, watu wa mshahara wa serikali, wenye wake na watoto wa kulisha. Hawakuwa matajiri. Lakini tangu siku ile walijulikana nchi nzima, picha zao zikaenea kila gazeti. Tarehe 5 Mei 1961 mmoja wao, Alan Shepard, akawa Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, kwa safari ya dakika 15 tu. Shepard alikuwa mpenzi wa Corvette tangu zamani. Basi kampuni ya General Motors, ambayo ndiyo yenye Chevrolet, ikamzawadia Corvette mpya ya mwaka 1962, nyeupe.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Katika jimbo la Florida, si mbali na Cape Canaveral ambako roketi zilirushwa, palikuwa na mtu akiitwa Jim Rathmann. Huyu alikuwa bingwa wa mashindano ya magari, naye alishinda mbio kubwa za Indianapolis mwaka 1960. Kisha akafungua duka la kuuza magari ya kampuni hiyo hiyo. Wanaanga walikuwa rafiki zake. Rathmann akafanya mapatano na General Motors kwamba kila mwanaanga akodishwe gari jipya kwa dola moja kwa mwaka. Mwaka ukiisha alirudishe, na akitaka achukue jingine jipya. Lile lililorudishwa huuzwa kama gari kuukuu kwa mtu yeyote.

Wengi wao walichagua Corvette. John Glenn, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, tarehe 20 Februari 1962, hakuvutwa na gari la mbio. Yeye alichagua stesheni wagoni, gari la kuchukua watu wa nyumbani na mizigo yao.

Sasa tuulizane, ndugu msomaji. Corvette ya mwaka 1969, kwa bei yake ya chini kabisa dukani, ilikuwa zaidi ya dola 4,400. Dola moja haikutosha hata kununua gurudumu lake. Je, wenye kampuni walikuwa hawajui hesabu? La, walijua sana. Mwanaanga hakuhitaji kusema neno lolote la kulisifu gari. Ilitosha aonekane ndani yake. Kijana aliyetamani kuwa kama yeye, na hakuna roketi ya kumpeleka, angalau aliweza kwenda dukani kununua gari kama lake. Lile gari halikutolewa bure. Lilibadilishwa kwa jina.

Mwaka 1969 wanaanga watatu wa Apollo 12, Pete Conrad, Dick Gordon na Alan Bean, walichukua Corvette tatu zilizofanana, za rangi ya dhahabu na mapambo meusi, kila moja ikiwa na herufi za cheo cha mwenyewe. Tarehe 14 Novemba 1969 roketi yao iliruka katika mvua, ikapigwa na radi mara mbili kabla dakika moja haijatimia, na wao wakatulia na kuendelea na safari mpaka Conrad na Bean wakatembea juu ya mwezi. Muda wa kukodi ulipokwisha, magari yakarudishwa. Mwaka 1971 mtu mmoja wa Texas alinunua lile la Bean kwa dola 3,230. Alilipata kwa bei ya gari lililotumika, akalitunza kwa miaka mingi, na leo watu husafiri kwenda kulitazama katika maonyesho.

Neil Armstrong, aliyekuwa wa kwanza kukanyaga mwezi mwezi wa Julai 1969, naye alikuwa na Corvette ya buluu ya mwaka 1967. Alikaa nayo muda mfupi, kisha ikanunuliwa na mfanyakazi mwenzake wa NASA. Mwaka 2012 gari hilo lilipigwa mnada. Dau likafika kiasi cha dola 250,000, na mwenye gari bado hakuridhika. Chuma ni kile kile kilichotoka kiwandani pamoja na maelfu ya wenzake. Kilichopimwa kwa dola ni jina.

Lakini jina likishajulikana kuwa lina bei, wanunuzi huwa wengi. Wanaanga watatu wa Apollo 15, David Scott, Alfred Worden na James Irwin, walipigwa picha mwaka 1971 na Corvette zao tatu, nyekundu, nyeupe na ya buluu, rangi za bendera yao. Picha hiyo ikatoka katika gazeti maarufu la Life. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wakaenda mwezini. Katika chombo chao walichukua bahasha zipatazo 400 zenye stampu, ambazo hazikuwamo katika orodha ya vitu vilivyoruhusiwa. Mia moja katika hizo zilikuwa za mfanyabiashara wa stampu wa Ujerumani ya Magharibi, na mapatano yalikuwa kila mwanaanga apate kiasi cha dola 7,000, fedha za kuwawekea watoto wao.

Mwaka 1972 habari zikajulikana. Wale watatu walikuwa wamekwisha kuzikataa fedha zile, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Walikaripiwa na idara yao, wakaondolewa katika kikosi cha akiba cha safari ya Apollo 17, na hakuna hata mmoja wao aliyerushwa tena angani. Ni kweli kwamba mwaka 1983, baada ya Worden kuishitaki serikali, walirudishiwa bahasha zilizokuwa zimezuiliwa. Lakini walirudishiwa karatasi. Safari walizozikosa hazikuweza kurudi.

Mimi siwaiti watu hawa wezi. Walikuwa mashujaa waliotia roho zao hatarini, na baba kuwafikiria watoto wake si aibu. Yaliyowapata ndiyo yanayotupata na sisi. Jambo la kwanza huja kwa ruhusa, mbele ya watu, na kila mtu akicheka. Jambo la pili hufanana na la kwanza, ila halikuandikwa katika orodha. Aliyezoea kuona jina la kazi yake likimletea vitu, si wepesi kwake kutambua ni wapi ruhusa imekwisha na amana imeanza kuvunjwa. Kwa hiyo mwalimu, karani, mweka hazina na kila aliyeaminiwa, anaponyoshewa kitu cha thamani kwa bei ya mchezo, na ajiulize: kama nisingekuwa katika kazi hii, je, mtu huyu angenipa?

Na liko gari jingine katika habari hii. Scott na Irwin ndio watu wa kwanza kuendesha gari juu ya mwezi, gari dogo la betri lililoundwa na kampuni ya Boeing, na magurudumu yake yakatengenezwa na hao hao General Motors. Walitembea nalo kiasi cha kilomita 28 wakikusanya mawe na kuyachunguza, kisha wakaliacha huko huko. Safari mbili zilizofuata ziliacha jingine jingine, na sasa yapo matatu. Hakuna aliyeyakodi kwa dola moja, na hakuna dalali awezaye kuyanadi. Yalifanya kazi yaliyotumwa, nayo yamekaa pale pale yalipoachwa.