Nani aliiambia programu kwamba kuta lazima zigusane?

Wandugu, leo nina habari ya kona. Mwaka jana nilichora plani ya depo ya mbegu kwa wakulima tunaofanya nao kazi. Mimi ni mtu wa agronomia, si wa ujenzi, lakini kwetu mwenye kujua kidogo kompyuta njo anapewa yote. Kuta za nje zilikuwa za mbao: kwenye kona zikatwe digrii 45, halafu kati yake ubaki mwanya wa sentimita 1 unaoonekana. Seremala mwenyewe njo aliomba vile. Mbao ikinyonya maji inanenepa, urefu wake haubadiliki sana, na hapo ile 45 si 45 tena. Sisi wenye kupima unyevu wa mahindi tunaelewa.

Shida ikawa programu. Nafungua mwanya, yenyewe inafunga. Nafungua tena, inafunga. Nikachoka, nikaacha hivyo, nikatoa orodha ya vipimo. Mbao zikakatwa kufuata orodha, bila mwanya. Mvua za kwanza tu, kona mbili zikasukumana na kupasuka. Kosa ni langu, lakini nilitaka kujua huu ukaidi umetoka wapi.

Umetoka mbali. Mwaka 1963, kule MIT, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad: unachora vibaya vibaya, mashini inanyoosha mistari na kuunganisha ncha. AutoCAD ilipotoka 1982, ukuta bado ulikuwa mistari tu. Kona ikiwa wazi, mashini haikujali. Aliyebadilisha mambo ni Gábor Bojár wa Budapest, mwenye kuanzisha Graphisoft, Hungaria ikiwa bado chini ya wakomunisti. Katika ile programu yao tunayoiita leo ArchiCAD, ukuta ni ukuta: una unene, una kimo. Kisha Revit ikatoka Marekani mwaka 2000, na miaka 2 baadaye Autodesk ikainunua kwa dola milioni 133. Humo kuta zikikutana zinajiunga zenyewe. Ukisogeza mmoja, mwenzake anafuata.

Ni msaada mkubwa, sikatai. Aliyewahi kuhesabu matofali kwa mkono anajua. Lakini tangu hapo kona iliyo wazi inaonekana kama umesahau kitu.

Na ajabu ni kwamba wajenzi wakubwa walikuwa wameshatembea njia nyingine, wakiifungua kona makusudi. Mwaka 1924, Utrecht, Gerrit Rietveld alijenga nyumba ya Bibi Schröder yenye dirisha la kona: ukifungua vioo vyote viwili, kona yenyewe inapotea. Mies van der Rohe naye, Chicago, kwenye Alumni Memorial Hall ya 1945–46, hakuacha matofali ya pande mbili yagusane. Nguzo ya chuma ilipaswa kufichwa ndani ya zege ju ya moto, kwa hiyo akaweka vyuma vingine nje, na kona ikarudi ndani kidogo, kama kivuli. Kwangu mimi ile kona ni ya kweli kuliko nyingi zilizozibwa kwa sementi.

Sasa turudi kwenye mashini. Revit inakupa namna tatu za kuunga kona, ile ya 45 ikiwemo, na hakuna hata moja yenye mwanya. Ukikataza ncha isiungane, inakuwa ya mraba: mwanya umepata, 45 umepoteza. Unaweza kuacha 45 halafu ukapitisha umbo tupu, jembamba, kwa mshazari wa kona. Kwa macho inapendeza. Lakini tazama orodha: ujazo umepungua, urefu wa ukuta umebaki uleule! Njo mtego ulio mbaya zaidi, ju fundi anasoma urefu.

Mimi niliishia kuchora kila ubao peke yake. Hapo pia angalia: ukirudisha kila upande nyuma sentimita 1, mwanya hauwi 1, unakuwa 1.4, kwa sababu ya ule mshazari. Ukitaka 1, rudisha 0.7.

Nilipompelekea seremala plani mpya hakuitazama kona hata kidogo. Aliuliza tu kama safari hii na orodha imebadilika. Nikamwonyesha, akapima ubao mmoja, akaanza kukata.