UMD: diski ndogo ya gemu iliyozimika, na funzo kwa DVD zilizo kabatini

Ukimwona kijana pale stendi ya Bunda au kijiweni Musoma akicheza gemu la mpira kwenye simu, huenda anatumia programu iitwayo PPSSPP. Programu hiyo ilitoka mwaka 2012. Inaiwezesha simu kufanya kazi kama PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Sony ya Japani. Gemu za PSP ziliuzwa kwenye diski iitwayo UMD, ambayo leo haitengenezwi tena. Tunaeleza habari zake kwa sababu yaliyoipata yanazinyemelea DVD nyingi za majumbani mwetu hapa Mara.

UMD ni nini?

Ni diski yenye upana wa milimita 60, yaani nusu ya upana wa CD ya kawaida. Imefungwa ndani ya ganda la plastiki na husomwa kwa mwanga wa leza. Hubeba hadi GB 1.8, zaidi ya CD mbili. PSP iliingia sokoni Japani Desemba 2004, Marekani Machi 2005 na Ulaya Septemba mwaka huohuo. Wakati huo memori kadi zilikuwa ndogo na ghali, hivyo diski ilifaa kubeba gemu kubwa. Hata filamu ziliuzwa kwa UMD.

Kwa nini ilishuka?

Kwanza, ilisomwa na mashine moja tu. DVD unaichukua kwa jirani mwenye deki mnaangalia wote, lakini mwanzoni filamu ya UMD ilibaki kwenye kioo kidogo cha PSP. Mwaka 2006 kampuni kadhaa za filamu zikaanza kujiondoa.

Pili, mota ya kuzungusha diski ilikula betri, na gemu zilichukua muda kufunguka.

Tatu, diski tupu za UMD hazikuuzwa, hivyo mtu hakuweza kurekodi vitu vyake.

Nne, memori kadi zilishuka bei na kuongezeka ukubwa. Leo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya UMD 15 zilizojaa.

Oktoba 2009 Sony ilitoa PSP Go, isiyo na sehemu ya kuwekea diski. Mwenye diski zake hakuweza kuzitumia humo. Mashine iliyofuata, PS Vita ya Desemba 2011, ilitumia kadi ndogo. Mwaka 2014 Sony ikaacha kupeleka PSP sokoni.

Na sisi huku?

Filamu za Bongo zilitufikia kwa kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Mwaka 2013 biashara ya diski ilikuwa bado kubwa, kiasi kwamba TRA ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Leo mtu huwekewa nyimbo kwenye memori au flashi, na laptopu nyingi mpya hazina sehemu ya CD.

Filamu ya dukani ukiipoteza, huenda mwingine anayo. DVD ya harusi yako, kipaimara cha mtoto au mazishi ya babu huenda iko moja tu, kabatini kwako Butiama. Deki ya mwisho pale kijijini ikiharibika, picha zipo lakini huzioni.

Fanya haya mapema

Shika diski pembeni, usiguse upande unaong'aa. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Usiianike juani. Ipeleke kwa fundi mwenye kompyuta inayosoma DVD, akunakilie kwenye flashi. Kabla ya kulipa, fungua video mwanzo, katikati na mwisho uone kama inacheza. Kisha weka nakala ya pili kwa ndugu mwingine, kwani flashi nayo hufa au hupotea.

Kumbuka: kunakili kumbukumbu za familia yako ni jambo jema. Kunakili na kuuza gemu, filamu au wimbo wa mtu bila ruhusa yake ni kosa kisheria.