Ubora wa Utafiti na Uaminifu wa Matokeo

Ubora wa utafiti hupimwa kwa njia iliyotumika kupata matokeo. Jina la jarida na vyeo vya waandishi havitoshi kuuthibitisha. Tanzania ina mfano mzuri: jaribio la SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Katika kijiji cha Idete, bonde la Kilombero, watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa chanjo, wengine sindano ya kulinganishia, na waliowapima hawakujua nani kapata ipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Lakini watafiti wenyewe waliandika kwamba kinga halisi ingeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52, na msomaji makini huanzia hapo: ukingo wa chini ukigusa sifuri, chanjo huenda haina faida yoyote. Na ndivyo ilivyokuja kudhihirika. Gambia, kwa watoto wachanga, ilipata asilimia 8 tu. Thailand haikuona kinga yoyote.

Je, watafiti wa Idete walikosea? Hapana. Walifanya kazi safi na kuitangaza pamoja na mashaka yake, na uwazi huo humwezesha msomaji kuyapima matokeo yao. Kosa lingekuwa kuhitimisha kwa jaribio moja. Wapo wanaopinga wakisema kwamba kusubiri majaribio mengine kunagharimu maisha ya watoto. Hoja hiyo ni nzito, ila kuwachanja watoto kwa chanjo isiyokinga kungemeza fedha za vyandarua na dawa, na maisha yangepotea vilevile. RTS,S, chanjo nyingine ya malaria, ilipitia njia ndefu, ikajaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2021.

Linabaki suala la mahali. Kilombero ni bonde la maji na mpunga. Mitundu, mkoani Singida, iko kwenye nyanda kavu zenye msimu mmoja wa mvua. Hata asilimia ya kinga ikiwa ileile, penye malaria kidogo chanjo huzuia wagonjwa wachache. Kwa hiyo anayeletewa takwimu ya utafiti zahanatini au kwenye mkutano wa kijiji aulize ukingo wake wa chini, nani mwingine kaurudia, na walipimwa watu wa wapi.