Barafu ya Kericho Huanzia Ziwani

Mkazi wa Kisumu anayetaka kuona theluji ana njia mbili: apande Mlima Kenya, au atafute nauli ya Ulaya. Lakini kama anachotaka ni kuona ardhi imegeuka nyeupe tu, basi apande matatu ya Kericho baada ya chakula cha mchana, wakati wa mvua, na awe na bahati. Nyanda za chai za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Katika miaka ya 1960 zilihesabiwa takribani siku 132 za mawe kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya eneo zima, si ya shamba moja, kwa sababu mawe haya huchagua: yatasaga majani ya huyu na kuliacha shamba la jirani bila hata tone.

Kama kuna wa kulaumiwa, basi ni sisi wa ziwani. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Hewa ya bara huinuka, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuziba nafasi yake. Mchana kutwa unapita juu ya Ghuba ya Winam na mashamba ya mpunga ya Ahero, unapanda bonde la Nyando, kisha unagonga milima ya Nandi na miteremko ya Mau. Huko juu unakutana na upepo wa mashariki unaokuja kinyume chake. Pepo hizo mbili zikisukumana, hewa haina pa kwenda ila juu, na ifikapo saa nane au saa tisa wingu limeshavuka kimo cha mita 5,000, ambako baridi hushuka chini ya sifuri.

Mbona basi Kisumu hatupati mawe kama wao? Kericho iko kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kwenye 1,130 na ushei. Jiwe likianguka Kericho halipiti kwenye hewa ya joto kwa muda mrefu, hivyo linafika likiwa zima. Likija upande wetu linaongezewa karibu mita 900 za joto la kuliyeyusha, na mara nyingi mchuuzi wa soko la Kibuye anayekimbilia kufunika bidhaa zake kwa nailoni anapigwa na matone makubwa ya baridi tu. Wapandaji wa milima ya Tinderet na ukingo wa Nandi wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani: huanza kupanda alfajiri, na saa sita inawakuta wakishuka.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hurudi ziwani, na dhoruba huzuka juu ya maji wakati wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Vifo vya ziwani kila mwaka vimekadiriwa kuwa kati ya 3,000 na 5,000, na hiyo ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara za nchi zinazopakana na ziwa zilianzisha mwaka 2017 mradi wa kuwatabiria wavuvi hali ya hewa.

Turudi milimani. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu, mnamo Desemba 1901, ilikuwa imeteremka kutoka kilele cha Mau chenye zaidi ya mita 2,500. Wakati huo mawe yalikuwa yakiangukia wimbi na malisho ya Wakipsigis na Wanandi, na hasara yake haikuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote. Chai ndiyo iliyoyapa mawe bei. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilijitwalia ardhi kubwa Kericho, na zao lililopandwa lilikuwa dhaifu kuliko yote mbele ya barafu. Kinachouzwa ni majani mawili na kichipukizi, yaani ile sehemu laini iliyo juu kabisa ya kichaka. Mawe ya dakika kumi huiacha ikiwa vipande, vijiti vimechubuka, harufu ya jani bichi imetanda shamba zima, na mchumaji anayelipwa kwa kilo anasubiri wiki kadhaa kabla kichaka hakijachipua tena.

Ndipo vita vikaanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wenye mashamba walifyatua roketi zenye baruti ili zilipuke ndani ya wingu, kwa matumaini kwamba kishindo kitapasua barafu kabla haijafika chini. H. W. Sansom wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki alifuatilia jaribio hilo kwa miaka kadhaa, akaripoti kwamba hasara ilionekana kupungua. Tatizo ni kuthibitisha: nani ajuaye wingu lile lingemwaga nini lingeachwa? Mwishoni mwa muongo huo ikaja zamu ya Wamarekani. Kampuni ya Atmospherics kutoka Fresno, California, ilirusha ndege zilizochoma iodidi ya fedha chini ya mawingu. Wazo lao lilikuwa kwamba wingu likipewa mbegu nyingi za barafu, maji yatagawanyika kuwa punje ndogo ndogo zitakazoyeyuka njiani.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ya historia hii ilikuja baadaye. Maji safi ndani ya wingu yanaweza kubaki majimaji hata kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ili yagande mapema yanahitaji chembe ya kushikamana nayo. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suju Tan-Schnell walichapisha utafiti kuhusu majani makavu yanayooza chini ya michai ya Kenya. Vumbi lake, walisema, huinuliwa na miguu ya wachumaji, na chembe zake hugandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, shukrani kwa bakteria wanaoishi kwenye majani. Kwa hiyo wakati rubani analipia mafuta ili kupeleka mbegu mawinguni, huenda wachumaji walikuwa wakizipeleka bure kila siku, wakiwa na vikapu mgongoni.

Sasa wachumaji wenyewe wanaondolewa. Mashine za kuvuna chai zimeenea Kericho kiasi kwamba mwaka 2023 vijana waliokosa kazi walichoma baadhi yake. Kama Schnell alikuwa sahihi, miguu ikipungua vumbi nalo lingepaswa kupungua, ingawa mashine nayo hutikisa kichaka kwa namna yake. Ile hesabu ya siku 132 ni ya enzi za vikapu. Kampuni zilizokuwa na fedha za roketi na ndege haziwezi kushindwa kugharimia kuhesabu upya.